Vifaa na Mbinu

Dokta Zihindula ameniletea makala yake,
kurasa kumi na moja, wino bado unanuka.
Ameiweka kati ya vitana na kopo la mafuta,
akasema: Mama Nsimire, kazi yetu imetoka.
Yetu.
Nikafuta mikono kwa kitenge kabla ya kuishika.

Lugha yake siijui. Namba nazijua.
Wanawake themanini na wanne: hao ni wangu pia,
kila kichwa kilipita mikononi mwangu mara mbili,
kufumuliwa, kisha kusukwa.

Maana ile mashine ya kusikiliza ubongo haipendi misuko.
Inataka ngozi, wazi, kama shamba la Walungu kabla ya mvua.
Kofia ya nyuzi, vifungo thelathini na viwili,
na kila kifungo na ute wake baridi.
Mwezi wa kwanza Dokta hakulijua hilo.
Walifika kutoka Panzi, kutoka Bagira,
wamesuka vizuri kwa heshima ya hospitali,
wakaambiwa: fumueni.
Kumi na wawili waligeuka wakarudi kwao.
Ndipo akapanda soko la Kadutu, na viatu vyake vya ngozi katika tope,
akiuliza nani ana mkono mwepesi.

Wafadhili waliandika kutoka ng'ambo:
kusuka nywele ni gharama ya utafiti gani?
Aliwajibu kwa kurasa tatu, akanisomea.
Sijawahi kutetewa kwa maneno marefu hivyo,
hata siku ya mahari yangu.

Kule chumbani wanaambiwa: funga macho,
usiseme, usitafune, taya lilegee.
Wiki mbili zilizopita, umekosa usingizi siku ngapi?
Hakuna. Siku kadhaa. Zaidi ya nusu. Karibu kila siku.
Wanachagua. Mashine inachora vilima vyake.
Umeme wa Ruzizi ukikatika, wanaanza upya.

Kwangu hakuna aliyewaambia wanyamaze.
Kitana kikipita, mdomo hujifungua wenyewe:
bei ya sambaza, mume aliyekwenda machimboni Kamituga
akawa anatuma salamu tu,
mtoto anayekojoa kitandani na ana miaka kumi na mitatu.
Na yule aliyejibu "hakuna" kwa kila swali,
namba yake hamsini na saba,
aliushika mkono wangu akaupeleka juu ya sikio,
mahali nywele hazioti tena.
Hapo pitisha polepole, akasema. Panasikia.

Nikapitisha polepole.
Sikuuliza. Sikuwa na fomu.

Siku moja nilikwenda nimwambie Dokta.
Nikasimama mlangoni. Alikuwa anahesabu,
midomo inacheza kama ya mtu anayesali rozari,
na jasho, na taa ya petroli, saa mbili usiku.
Nikarudi na neno langu.
Sijui bado kama nilimsaidia nani.

Leo ananieleza: wale waliolemewa na mawazo,
kuna kitu mbele, upande wa kushoto, kinachozubaa.
Kisha anakohoa: labda.
Sentensi ya mwisho yenyewe inaomba utafiti zaidi.
Nikacheka. Nami huwaambia hivyo hivyo:
rudi baada ya wiki tatu.

Nimo? nikamuuliza.
Akafungua ukurasa wa nne, akaweka kidole.
"Nywele za washiriki zilitayarishwa na fundi wa mtaani."
Maneno manane, akiyageuza kwa Kiswahili.
Hakuna Nsimire. Hakuna Kadutu.
Akaona aibu, akaanza kusema habari za wahariri,
nikamwambia, lete kalamu.
Nikapiga mstari chini yake mwenyewe, mnene, mara mbili.

Nimeubandika kwenye kioo, pembeni, juu ya bei.
Asubuhi hii aliyeketi mbele yake ni hamsini na saba.
Mama, ile karatasi inasema nini?
Namtazama ndani ya kioo, yeye na ukurasa, bega kwa bega.

Inamisha kichwa kidogo, namwambia.
Naanzia nyuma.